Hatua Sabini kwa Sabini

Ekari moja ni hatua sabini kwa hatua sabini. Hilo kila mtu Rungwe analijua, hata mbuzi. Kinachogombaniwa ni hatua za nani.

Bwana Shamba wetu wa Nkunga alikuwa na miguu mirefu kiasi kwamba akisimama kwenye tuta la kwanza, kivuli chake kilikuwa kimeshafika kwa jirani na kinaulizwa habari za nyumbani. Akipima shamba lako kwa miguu ile, ekari mbili zinasinyaa kama kabeji juani. Watu walilia. "Bwana Shamba, lete miguu ya mkeo!" Yeye hakucheka. Kila Januari, kabla ya msimu wa kuandikisha, tulimkuta kwenye uwanja wa shule ya msingi na futi kamba yake chini, anatembea juu yake mbele na nyuma, peke yake, midomo ikihesabu, anaifundisha miguu iwe na hatua ya mtu wa kawaida. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, anajifunza kutembea! Nilimwona kwa macho yangu, na nilicheka mpaka ndoo ikaniponyoka kichwani.

Jina lake nalijua. Silitaji, na mbele huko utaona kwa nini.

Alitoka nchi kavu, huko ambako mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuishangaa, wakamleta Tukuyu, ambako mvua inanyesha mpaka ndani ya ndoto. Hakuizoea. Alitembea na mwavuli mweusi, mkubwa kama paa la banda la kuku, mpini wa mti, na hakuuachia kwa mtu. Harusini alikaa nao. Msibani alikaa nao. Alipoalikwa chakula aliulaza mapajani kama mtoto. "Huku kwenu," alikuwa akisema, "Mungu alifungua bomba akaitwa mahali." Akilowa hata bega moja alikuwa na homa wiki nzima, au alisema ana homa.

Mambo yake hayakulingana hata kidogo. Alituhubiria mboji na samadi siku sita za juma, lakini kwenye nyumba yake ya serikali hapakuota hata mchicha. Wa kula alinunua kwa mama muuza mboga kama mwalimu wa Kiingereza. Nyungunyungu aliwasifu kwenye mikutano, "wafanyakazi wasiodai likizo," ila siku mmoja wao alipompanda kwenye kiatu alipiga yowe lililosikika Kiwira. Soda ya mtu hakunywa, akisema ni rushwa. Ndoo ya viazi hakuikataa, akisema hiyo ni sampuli. Alikuwa na sampuli za kumlisha mwaka mzima.

Na alikuwa na neno lake moja, alilitia kwenye kila mkutano, liwe linahusu mbegu au choo cha shule: "Udongo haujui kusoma." Tulimwona anajisemea tu. Mimi neno hilo lilikuja kunilipa.

Sasa nieleze kuhusu ruzuku, kwa wasomaji ambao viazi wanavijua vikiwa chipsi. Serikali inalipia sehemu ya bei ya mbolea, wewe unalipia iliyobaki. Ili uipate, unaandikwa kwanza kwenye daftari la kijiji: jina lako, ekari zako, simu yako. Vikishaingia kwenye mfumo unatumiwa namba, na namba hiyo ndiyo unaipeleka kwa wakala wa pembejeo akupe mifuko kulingana na ekari. Usipoandikwa, unanunua kwa bei ambayo ukiisikia unakaa chini. Au unapanda bila mbolea, unaomba Mungu, na Mungu naye anakwambia nilikuletea ruzuku.

Msimu wa kwanza wa namba hizo nilipanga foleni ofisi ya kijiji tangu asubuhi. Mume wangu alikuwa Chunya machimboni, kafuata dhahabu, na mpaka leo anachotuma ni vumbi. Shamba nililima mwenyewe, ekari moja na nusu ya viazi, katika ardhi ya baba mkwe wangu. Nikafika mezani. Bwana Shamba hakuinua kichwa.

"Jina?"

Nikataja.

"Shamba ni lako?"

"La ukweni."

"Mwenye ardhi anaitwa nani?"

Nikanyamaza.

Hapa lazima nisimame kidogo. Wanyakyusa wa kizazi cha baba mkwe wangu, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Ukimwona anakuja njiani unaacha njia, unaingia migombani, unampa mgongo mpaka apite. Hapiti mlango uliomo. Hamzungumzi. Na jina lake halipiti mdomoni mwako, liwe kanisani, liwe hospitali. Wasichana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Sawa. Lakini mzee wangu alishika mila kama kupe, na mimi nilikuwa nimeishi miaka kumi na minne bila kuuona uso wake, wala yeye wangu.

"Mama, nimeuliza. Mwenye ardhi nani?"

Nikatazama chini. Foleni yote ilijua jibu na foleni yote ilinyamaza, maana mambo ya nyumba ya mtu hayasemewi. Nyuma yangu alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu wa viatu vinavyong'aa hata masika. Akasogea mbele taratibu.

"Ardhi ni ya mzee wetu," akasema, akataja na jina, vizuri kabisa. "Ekari sita. Mimi ndiye msimamizi."

Bwana Shamba akanitazama kwa mara ya kwanza. "Asiyemjua mwenye shamba hana shamba," akasema, na kalamu yake ikanipita.

Shemeji alichukua mifuko ya ekari sita. Hata mfuko mmoja haukufika kwenye matuta yangu. Majirani waliiona ikipakiwa kwenye gari Kiwira. Mimi nilipanda hivyo hivyo. Nilipochimba, viazi vilitoka kama golori. Nasema golori kwa heshima. Vingine vilikuwa kama vidonge vya malaria.

Nilijaza ndoo. Nikaenda nayo kibarazani kwa Bwana Shamba, saa nne asubuhi, mvua inanyesha. Alidhani ni sampuli. Akatabasamu, akainuka. Nikaimwaga miguuni pake.

"Haya ndiyo mavuno ya jina uliloniuliza."

Vilibingirika mpaka chini ya kiti. Mwanamke wa kijijini hamwagii mtumishi wa serikali viazi miguuni. Nilingoja anifukuze. Aliinama, akaokota kimoja, akakigeuza vidoleni kama kito.

"Kwa nini hukusema?"

Nikamweleza. Mila yote, tangu njiani mpaka jina. Alisikiliza akiwa bado ameinama, na alipomaliza kusikiliza hakusimama upesi.

"Nimekaa wilaya hii miaka kumi na mmoja," akasema. "Nikadhani namjua kila mdudu." Kisha akavikusanya vile viazi kimoja kimoja, akanirudishia ndooni. "Hivi siwezi kuvila, Mama Tumaini. Vitanikaba."

Hakusema pole. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu pole.

Msimu uliofuata ndipo mambo yalipokaza. Daftari lilikuwa lifungwe Ijumaa, na shemeji alishaandika tena ekari sita, za mzee, yeye msimamizi. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Mbegu nilikuwa nayo ndani imeshachipua, macho yake meupe yamenitolea kama watoto wenye njaa. Nikiikosa mbolea safari hii, shamba lingeonekana limenishinda, na shemeji alishaanza kusema hivyo kwenye vilabu: "Yule mama analiua shamba la mzee, bora nilichukue." Sikuogopa golori tena. Nilikuwa naogopa kuondolewa.

Alhamisi, mbele ya kamati ya kijiji, wakati mtendaji anataka kupiga muhuri waende kula, Bwana Shamba alifunga daftari.

"Udongo haujui kusoma. Tutembee," akasema.

"Tutembee wapi, na mvua hii?" mtendaji akauliza.

"Kwenye kila shamba lenye shaka."

Mimi habari zilinikuta nyumbani: kamati inapanda mlima kuja kwetu, na baba mkwe wameshamtoa ndani, anatembea na fimbo yake kuja kuonyesha mipaka. Nikakimbia shambani. Lakini nilipofika, yeye alishafika. Nikaishia migombani, hatua thelathini hivi kutoka kwenye shamba langu mwenyewe, nimejibanza nyuma ya mgomba kama mwizi wa ndizi. Nilisikia yote.

"Nani analima hapa?" sauti ya Bwana Shamba.

"Mimi," shemeji akasema.

"Na mke wa kaka yako?"

"Ananisaidia palizi, siku mojamoja."

"Aitwe aseme mwenyewe."

Shemeji akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshika karata ya mwisho. "Bwana Shamba, wewe mgeni. Hawezi kuja. Mzee yupo hapa. Hiyo ndiyo mila yetu, au unataka kutuvunjia mila?"

Mtendaji akakohoa. Nilisikia mvua kwenye majani, na moyo wangu juu ya mvua. Shemeji alikuwa ameichukua heshima niliyompa baba yake miaka kumi na mitano, akaigeuza kuwa kufuli. Ningetoka, ningemvunjia mzee heshima mbele ya wanaume wa kijiji. Nisingetoka, shamba lilikuwa limekwenda.

Ndipo nikasikia matope yanakuja. Hatua ndefu. Majani ya mgomba yakafunguka na Bwana Shamba akasimama mbele yangu, maji yanamtiririka kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni. Mwavuli alikuwa ameushika kwa mbele, mpini umenielekea.

"Shika," akasema. "Huu ni ukuta."

Sikumwelewa.

"Ulaze ubavuni, upande wa mzee. Hakuoni, humwoni. Mila inasema msionane, haikusema usipite shambani kwako. Twende."

Nikaushika. Ulikuwa mzito, una joto la mkono wake kwenye mpini. Nikatoka migombani nimeulaza kama ngao, sioni kitu isipokuwa kitambaa cheusi, matope, na miguu ya watu. Kamati ikanipisha. Nikaiona fimbo ya baba mkwe, na vidole vyake vya miguu, vimepinda kwa uzee. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa karibu naye kiasi kile. Nikaelekeza macho kwenye matuta yangu.

"Msimamizi," Bwana Shamba akamwambia shemeji, "shamba hili lina matuta mangapi?"

"Ni... mengi. Kama arobaini."

"Mama Tumaini?"

"Sitini na mawili," nikasema chini ya mwavuli. "Na moja fupi kule chini, lilikatwa na maji."

"Maji yanakatiza wapi, msimamizi?"

Shemeji akaonyesha mahali. Sikumwona alipoonyesha, lakini nilisikia mjumbe mmoja akiguna.

"Mama Tumaini?"

"Chini ya ule mparachichi. Nimeweka mawe saba. Lile kubwa nililiviringisha kutoka kwa jirani, aulizwe."

Akaniuliza ni mbegu gani iko upande gani. Akaniuliza mahali ambapo jembe linagonga mwamba. Niliyajibu yote, na nasema bila kutia chumvi, ambayo huwa natia, kwamba sikukosea hata moja. Baada ya hapo hakuwa na swali. Mtendaji akasema, "Lakini ardhi ni ya mzee, na mzee hajasema." Watu wote wakageuka. Nilijua kwa sababu miguu yote iligeuka.

Baba mkwe akaisogeza fimbo mkono wa pili.

"Bwana Shamba, ndaga, asante," akaanza, kwa Kiswahili chake kilichotembea polepole kama anavuka daraja la mti. "Mimi macho yamechoka. Sikio bado. Jembe ninalosikia alfajiri, mwe, si la mtu mwenye viatu hivi." Fimbo ikagusa kiatu kinachong'aa, tii, mara moja. "Mwandike huyo mwenye mwavuli."

Hakunitaja jina. Naye alikuwa analichunga langu.

"Aandikwe nani?" mtendaji akauliza, kalamu mkononi.

Nikalitaja mwenyewe. Jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa sauti ambayo nadhani Kyela waliisikia.

Bwana Shamba akapima kwa miguu, sabini na sabini, na mvua inamchapa. Mimi ekari moja na nusu. Shemeji, mahali alipolima kweli, robo, na hiyo robo ina magugu. Mtendaji akapiga muhuri juu ya goti. Wakati wanashuka nilimfuata Bwana Shamba kwa nyuma kumrudishia mwavuli, akanikataza kwa mkono bila kugeuka. "Mzee yuko mbele yako njiani. Utashukaje?"

Ndivyo ulivyobaki kwangu.

Homa alipata, ya kweli safari hii. Na maneno alipata. Shemeji alizungusha kwamba Bwana Shamba kahongwa viazi, na ushahidi wa ndoo ulikuwepo, maana kila nyumba ilikuwa imempa. Aliitwa kujieleza, akaeleza sampuli, nadhani hakueleweka. Kabla ya mwaka kuisha alihamishiwa upande mwingine wa wilaya. Aliondoka siku moja nimekwenda mnadani. Aliniachia karatasi kwa mama muuza mboga, maneno mawili matatu kwa mwalimu wa masomo ya jioni pale Tukuyu: mpokee huyu, anayekumbuka matuta sitini na mawili hashindwi na Baiolojia. Nikaenda, na watoto watatu na jembe begani. Mwaka jana nimemaliza kidato cha nne. Baiolojia nimepata C, na nyungunyungu nimewachora vizuri kuliko yeye angethubutu kuwatazama.

Baba mkwe bado yupo. Bado namkwepa, ila sasa tunakwepana kwa tabasamu, naamini, siwezi kuhakikisha.

Mwezi uliopita nilipeleka mbegu ya viazi Kawetele. Siku hizi nauza mbegu, na wanunuzi wangu wakiniona wanasimama kama naleta mahari. Mvua ikanikamata, nikajibanza kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Kumbe ni siku ya mwisho ya kuandikisha. Afisa ugani mpya, dada mmoja wa Mbeya mjini, mchangamfu, ana kishikwambi badala ya daftari, alikuwa anamhudumia mzee mrefu aliyepinda kidogo, kofia mkononi.

"Shamba lako mwenyewe, baba?"

"Nimekodi. Mwenyewe yuko Dar."

"Barua yake?"

"Sina."

"Bila barua siwezi, baba. Na mfumo unafungwa leo."

Mzee hakubisha. Akavaa kofia, akageuka kuiangalia mvua kwa chuki ambayo niliijua kabla sijaiona sura. Kastaafu, na baada ya kuhubiri maisha mazima alikuwa amepanda viazi vyake vya kwanza.

"Dada," nikasema, "udongo haujui kusoma. Tutembee."

Bwana Shamba aligeuka. Akaniona, kisha akauona mwavuli, na akasahau kufunga mdomo.

Yule dada, Mungu ambariki, alivua viatu akatufuata. Shamba lilikuwa nyuma ya ofisi tu. Matuta yamepinda kama mlevi anarudi nyumbani. Nilimshikia mwavuli Bwana Shamba, nikauliza: "Mangapi?"

"Ishirini na nane," akasema. Dada akahesabu. Ishirini na nane.

"Naamini," dada akasema. "Sasa ukubwa?"

"Mimi miguu imeisha," Bwana Shamba akasema. "Pima kwa ya huyu."

Nikamwachia mwavuli, nikaanza. Upande mrefu ulitoka sabini barabara. Upande mfupi nilitaka uwe thelathini na tano, ipatikane nusu ekari kamili, na nilipofika ishirini nikaona wazi kwamba haitafika. Basi nikafupisha hatua. Kidogo tu, kama mtu anayekwepa dimbwi.

"Mama Tumaini!" Sauti ikanifikia kutoka chini ya mwavuli. "Rudi uanze upya. Usinidanganyie."

Nikarudi mwanzo, nikatembea kihalali. Thelathini na mbili. Dada akaandika alichoona, vidole vimelowa juu ya kioo.

"Haya," akanigeukia, "wewe ndiye shahidi kwamba analima hapa. Unamfahamu? Niambie jina lake kamili."

Nikafungua mdomo. Jina nilikuwa nalo, lote, mpaka la babu yake. Nilikuwa nimelisoma kwenye muhuri wake mara mia. Likafika kooni likakaa, palepale linapokaa la baba mkwe. Dada alinisubiri, kidole juu ya kioo, na nikaona shaka inaanza kumwingia machoni, shaka ileile ya mezani Nkunga. Nikatazama chini.

"Binti," Bwana Shamba akasema, "huyo usimwulize. Mimi niliwahi kumwuliza hivyo, tukapoteza msimu mzima."

Akanirudishia mwavuli mkononi. Akatoka chini yake, akasimama mvuani kichwa wazi, na akalitaja jina lake mwenyewe, polepole, kama mtu anayesoma daftari, mpaka dada akamaliza kuandika.